Ukipenda Ua

Nianze na swali ambalo wengi mtalicheka: je, mtu anaweza kuudhulumu mmea? Sisemi habari za kukata misitu, maana hizo tumehubiriwa na kila mtu, kuanzia waziri hadi mwalimu wa darasa la nne. Nasema mmea mmoja tu, ule uliomo ndani ya kopo la rangi lililotobolewa chini, ukawekwa dirishani ili nyumba ipendeze. Huo unaweza kudhulumiwa? Na kama unaweza, dhuluma hiyo inamhusu nini kijana ambaye hata nauli ya kesho hajui ataipata wapi?

Rafiki yangu mmoja aliyesomea biolojia alinijibu kwa mkato. "Mmea hauna mishipa ya fahamu, bwana. Hauumwi. Kesi imekwisha." Kwake yeye haki huanzia palipo na maumivu. Wala hayuko peke yake katika kuidharau kesi yangu. Aristotle, yapata miaka 2300 iliyopita, aliipa mimea roho, lakini roho ya daraja la chini kabisa: ya kujilisha, kukua na kuzaana, basi. Na katika kitabu chake cha siasa akasema kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya watu. Ngazi imekwisha kupangwa, na sisi tumekalia kipago cha juu, miguu inaning'inia.

Mimi nadhani wote wawili wameanzia mahali pasipo. Hebu utazame mmea ulioko porini. Kiu ikiubana, mzizi unashuka chini zaidi. Kivuli kikiuzidi, shina linajipinda kufuata mwanga. Majani yake yenyewe yanaanguka, yanaoza, yanageuka chakula chake cha mwakani. Mvua hainyeshi kwa hisani ya mtu. Sasa uchukue mmea huohuo, uutie chunguni, uuweke sebuleni. Mzizi ukishafika kwenye ukuta wa chungu unaanza kuzunguka, raundi baada ya raundi, mpaka siku ukiung'oa unakuta udongo karibu umekwisha, kilichobaki ni mizizi iliyojisokota kama kamba ya katani. Majani yakianguka yanafagiliwa. Mvua inanyesha nje, mmea unaisikia juu ya bati tu. Kila ulichokuwa ukijifanyia, sasa lazima ufanyiwe. Hapo ndipo deni linapozaliwa, ndugu msomaji. Halizaliwi kwa sababu mmea unalia. Linazaliwa kwa sababu wewe umefunga mlango.

Wengi wetu tulikisikia utotoni, madrasa au kwa majirani, kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Watu hukumbuka kwamba alimnyima chakula. Lakini kisa kina ncha mbili: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie vidudu vya ardhi. Angemwacha huru bila kumlisha, asingekuwa na kesi. Angemfungia akamlisha vizuri, pengine pia asingekuwa na kesi. Kosa limo katika kuyaunganisha mawili, kumfungia na kumsahau.

Kumbe basi tunazungumza habari za vyumba na milango, si za mishipa ya fahamu. Na chumba ninachokifahamu kwa jambo hili ni cha shangazi yangu.

Shangazi anaishi Dar es Salaam, mtaa sitautaja. Ni mjane, muuguzi mstaafu, na watoto wake wawili wako ng'ambo; huonekana kwenye simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nami nakaa kwake tangu nianze kuhangaikia kazi mjini. Alipolipwa kiinua mgongo aliita fundi wa aluminiamu, akazungushia vioo kibaraza cha nyuma, akakijaza mimea. Yeye anakiita chumba cha jua. Majirani wanakiita duka, maana usiku taa ikiwaka bidhaa zote zinaonekana. Viinua mgongo vya watu wengine huishia kwenye daladala bovu. Cha kwake kiliishia kwenye mwanga, na sioni kama alipoteza.

Kwa kweli chumba kinapendeza, na nisingependa msomaji adhani nakibeza. Kinatazama mashariki. Saa moja asubuhi jua linaingia limelala, linapita katikati ya majani, linachora sakafuni. Kuna viti viwili vya henzirani, mkeka wa ukili, na meza fupi ya kuwekea chai. Kufika saa nne huwezi kukaa tena, kwa sababu kioo kina tabia moja: kinaupokea mwanga kwa ukarimu, mwanga ukishageuka joto ndani kinakataa kuutoa. Vioo vile vingetazama magharibi, saa tisa alasiri ungeoka mikate humo. Kwa hiyo kukitumia chumba kama hiki ni kazi ya saa. Asubuhi ni cha watu. Mchana ni cha mimea, madirisha yote yafunguliwe. Jioni ni cha watu tena.

Na mimea nayo ina madaraja yake ya kukaa. Mshubiri na krotoni, ambazo hazijali jua, zimebanana na kioo. Kangaga ziko nyuma, penye kivuli. Kuna mtambaazi mmoja wenye mabaka ya manjano uliofungiwa uzi ukazunguka mlango mzima. Chini ya kila chungu kuna kisahani, na kila kisahani lazima kimwagwe, kwa sababu mbu anayeeneza dengue, ile homa iliyolisumbua jiji mwaka 2014 na tena 2019, anapenda maji safi yaliyotuama, hata yawe kidogo. Maji hayamwagwi kwa kalenda. Unatia kidole udongoni mpaka kifundo cha kwanza; kikitoka kikavu, unamwagilia. Mimea mingi ya ndani haifi kwa kiu. Inakufa kwa mapenzi, mizizi ikaozea majini.

Humo ndani kuna wageni wawili ambao si wageni. Wa kwanza ni kile kimmea kifupi chenye majani ya manyoya na maua ya urujuani, ambacho Wajerumani hukiita Usambaraveilchen. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikituma kwao kwa baba yake. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akakieleza kisayansi, akakipa jina la ukoo wa yule mtawala. Tangu hapo kimezalishwa na kubadilishwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya rangi, kikawa pambo la madirisha ya bibi wa nusu ya dunia. Huku kwao, ndugu zake wa mwituni wamebaki kung'ang'ania miamba yenye kivuli kandokando ya vijito, katika vipande vya msitu vinavyozidi kupungua. Kile cha shangazi kinateseka kwa joto la Dar es Salaam. Hakitaki jua kali, hakitaki maji baridi juu ya jani, yatakiachia madoa. Lazima kinyweshwe kwa chini. Mtoto wa milima ya Tanga amerudi amezoea mambo ya watu.

Wa pili wauza miche humtaja kwa herufi zake mbili, Z na Z. Kwa jina la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Kwao ni misitu ya pwani, kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini, Unguja ikiwemo. Wataalamu wa Ulaya waliueleza tangu mwaka 1829, lakini ulikaa bila kutakwa mpaka karibu na mwaka 1996, wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Sifa yake ni moja: hauombi. Chini ya udongo una viazi vilivyojaa maji, unaweza kukaa miezi bila kunyweshwa, na unastahimili kona yenye giza. Shangazi ameubatiza Mvumilivu. Kuna kitu kinanikera katika sifa hiyo, nitakirudia.

Mwaka huohuo wa 1829, kule London, daktari Nathaniel Ward alifukia kiluwiluwi cha nondo katika udongo ndani ya chupa, akaifunga. Akasahau habari za nondo alipoona kangaga imechipua humo, inaishi kwa umande wake yenyewe. Akatengeneza masanduku ya vioo, na mwaka 1833 yakasafirishwa mpaka Sydney, mimea ikafika hai. Kabla ya hapo miche mingi ilikufa baharini kwa chumvi na upepo. Baada ya hapo hakuna mmea uliokuwa salama mahali pake: chai ya China ilibebwa hivyo kupelekwa India. Mwaka 1845 Waingereza wakafuta kodi ya vioo, na nyumba za vioo zikaota kama uyoga. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kibaraza cha vioo ni urembo mtupu. Ni chombo. Kilibuniwa ili kitu hai kiweze kuondolewa kwao na kisife.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na chumba chetu cha jua, ila hakikuwa na paa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja vyumba ni vya baridi na giza, mwanga unashukia katikati, uani. (Lugha yetu ina utani wake: ua ni hili la kunusa, ua ni huu wa nyuma ya nyumba, na ua ni amri ya kutoa roho.) Huko uani ndiko ulikokaa mrehani na mwasumini, na mmea haukukaa bure. Jioni asumini zilichumwa, zikatungwa makoja, zikafungwa vikuba pamoja na rehani, akina mama wakajipamba. Ua lilikuwa na kazi, na mizizi ilikuwa ardhini. Lakini nisipake rangi mambo ya kale. Nyumba zile zile za mawe zilikuwa na watumwa, na sidhani kama waliochota maji ya kunyweshea mwasumini ndio waliovaa kikuba.

Hapa sasa ndipo niliponuia kufika, maana mimea ya shangazi nayo haijinyweshei. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kutia kidole katika kila chungu, anayemwaga visahani, anayefuta vumbi jani kwa jani kwa kitambaa cha maji, ni Dada. Dada ana jina, bila shaka, lakini ndani ya nyumba jina lake ni hilo. Wenye majina ni mimea: kuna Mvumilivu, kuna Bibi Harusi, kuna Mzungu. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likawa linapata maji kwa mgao, ni Dada aliyebuni kuweka maji ya kuoshea mchele na kunde katika dumu lake pembeni. Kwa dumu lile hakuna chungu hata kimoja kilichokauka. Shangazi aliwasimulia wageni jambo hilo kwa fahari, na fahari yenyewe ilikuwa ya maua.

Chumba cha Dada ni stoo. Kina dirisha moja, na dirisha hilo tangu nyumba ijengwe lilikuwa likivuta hewa kutoka kibarazani. Fundi alipozungushia vioo hakuliziba. Linafunguka kama zamani. Ila sasa linafungukia ndani ya chumba kingine, chenye joto lake, na mbele yake imesimama rafu ya ngazi nne yenye vyungu kumi na saba. Nilivihesabu. Usiku madirisha ya vioo hufungwa kwa kuogopa wezi. Kwa hiyo vyungu kumi na saba na binti mmoja wanalala wakigawana hewa ileile, na vyungu viko upande wa mbele.

Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Shangazi si mtu mbaya. Ndiye aliyemlipia Dada hospitali alipougua tumbo, na mezani wanakula chakula kimoja. Hata rafu iliwekwa pale kwa sababu nzuri: ukuta ule haupigwi na jua la saa nne, unafaa kangaga. Mtu alitafuta mahali pa kuweka mmea wa kivuli, akapapata. Hakuna aliyeuliza kilichokuwa nyuma ya rafu.

Rafiki yangu wa biolojia, nilipomweleza, alinigeuzia kibao. "Sasa wewe unachanganya mambo. Mmea hauwezi kuondoka. Dada ana miguu, ana mdomo. Akichoka ataaga." Ni hoja, sikatai, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini nimemtazama Dada siku ya kutuma pesa. Nusu ya mshahara inakwenda kwa mama yake, sehemu nyingine ni ada ya mdogo wake wa kidato cha pili. Miguu anayo, mahali pa kuipeleka mwezi huu hana. Mtu anaweza kufungiwa bila mlango kufungwa, ikawa mzizi wake umefika kwenye ukuta wa chungu na unazunguka. Na mdomo je? Aliniambia mwenyewe, nilipomuuliza kama haoni joto: "Nimeshazoea, kaka." Ndiyo maana ile sifa ya Mvumilivu inanikera. Tunampenda asiyeomba, kisha tunalitumia jina lake zuri kama ruhusa ya kutompa.

Kuna maandishi ya wakubwa kuhusu haya. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani, na pendekezo namba 201 lililofuatana nao linataja wazi chumba cha faragha, chenye hewa ya kutosha, chenye kufuli ambalo ufunguo wake anapewa mfanyakazi. Lakini shangazi si mtu wa kusomewa mikataba. Na mimi nakula kwake. Kijana anayelala bure hana mimbari kubwa, ati.

Nilisema asubuhi moja tukinywa chai humo chumbani. Dada alikuwa ameenda gengeni.

"Shangazi, lile dirisha la stoo, rafu imeliziba."

"Halijazibwa, mbona linafunguka?"

"Linafungukia humu. Na usiku humu pamefungwa."

Alikaa kimya, akageuza kikombe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Baba, mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja. Unadhani sijui chumba kisicho na hewa?" Akanyamaza tena. "Sasa haya maua yatakwenda wapi?"

Swali lile lilikuwa la kweli, si la kunikomoa. Ukuta wa kusini una bomba la maji na swichi. Upande wa vioo kangaga zitaungua kabla ya wiki. Nje mbuzi wa jirani wanasubiri. Kila jani mle ndani alilipata toka likiwa kipande cha tawi ndani ya glasi ya maji, na watoto wake wakiwa kwenye simu ni maua yale anayowaonyesha, moja moja, kwa zamu. Mtu mpweke akikipa kitu hai mahali, kukiondoa si kazi ya kubeba chungu tu. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake, wakamaliza. Hawakutuambia la kumfanyia aliyeanza na ua.

Lakini hata hivyo, msomaji, nilipoyapima mawili haya sikuona kwamba yalilingana, na sioni hadi leo. Deni la mmea ni la kweli, nimelitetea tangu mwanzo, na silirudishi. Ila deni hilo lilimfundisha shangazi kusoma jani linapopauka, kujua kiu kwa uzito wa chungu, kugeuza chungu robo mzunguko kila wiki ili mmea usikue kombo. Ujuzi wote huo wa kumsoma asiyesema ulikuwa umekwisha kuwamo mikononi mwake. Nilichotaka ni uvuke rafu tu, hatua moja.

Jioni ile alifanya alichoona kinafaa. Alimchukua Mvumilivu, akampa Dada akaweke chumbani kwake. "Huu hauhitaji jua," alimwambia, kwa upole kabisa. Dada akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kesho yake mmea ulikuwa nje, karibu na bomba, chini ya kivuli cha mpapai. Shangazi alipouliza, Dada alijibu akiwa ameinamia ndoo: "Mama, mle ndani hewa hamna. Nimeuonea huruma."

Hakuna aliyesema zaidi. Jumamosi fundi seremala alikuja na futi yake, akapima ukuta wa kusini, akasema bomba linaweza kupitishwa chini lakini swichi itataka fundi wa umeme, na bei yake ikamfanya shangazi avue miwani. Wanaendelea kujadiliana. Mpaka naandika haya rafu iko palepale, ila ngazi ya juu imeondolewa vyungu vitatu, na wavu wa dirisha umepanguswa. Ukisimama kibarazani saa moja asubuhi, jua likiwa limelala, linapenya kwenye pengo lile na unaweza kuona pembe ya neti ya Dada, ya bluu, imefungwa kwenye msumari.